Bwawa la Nairobi: Gugu Linang'olewa, Maji Taka Yanazidi Kuingia

Ukisimama juu ya tuta la Bwawa la Nairobi, kati ya Lang'ata na Kibera, kwa sehemu kubwa huoni maji. Unaona kijani kilichotandazwa hadi ng'ambo, na kwenye kingo, mistari ya nduma na miwa iliyopandwa juu ya tope ambalo zamani lilikuwa chini ya maji. Bwawa lilijengwa mwaka 1953 liwe akiba ya maji ya mji. Lilipimwa ekari 88, yaani hekta 35 na ushei, na kina chake cha wastani hakikufika mita 3. Kwa miongo kadhaa watu walishindana humo kwa mashua za matanga. Gugu maji lilipotanda katika miaka ya 1990 michezo hiyo ikafa, na tangu hapo vikundi vya kujitolea hujitokeza mara kwa mara, reki na panga mkononi, kulisafisha.

Watu hao hufanya kazi kwelikweli, na bado kijani hurudi. Tunachochambua hapa ni mpangilio wa kazi yenyewe: kipi kitangulie kipi. Mpangilio uliozoeleka huanza na gugu na kuishia na picha ya pamoja. Kwa maoni yetu gugu liwe kazi ya mwisho, au ya kabla ya mwisho, na sababu zake ni za hesabu tu.

Hesabu ya gugu

Gugu maji lililosongamana huwa na uzito wa kilo 20 hadi 50 kwa kila mita mraba. Tuchukue kilo 30. Hekta moja inabeba tani 300. Hekta 35 zikiwa zimefunikwa zote, tani 10,500. Sasa tuseme wamejitokeza watu 100 Jumamosi, na kila mmoja ametoa nusu tani kabla ya saa saba mchana, kiwango ambacho wengi hawakifikii. Hizo ni tani 50, yaani kama mita mraba 1,700, karibu robo ya uwanja wa mpira. Kwa mwendo huo bwawa litahitaji Jumamosi 210. Ni miaka minne bila kukosa hata wiki moja, na bila gugu kuota tena.

Nalo huota. Mahali penye joto na maji yenye rutuba, gugu maji huweza kuongezeka maradufu kwa wiki mbili hivi. Halihitaji mbegu kufanya hivyo: kila kipande kilichokatika chenye kichipukizi ni mmea mpya, kwa hiyo kulikatakata kwa panga likiwa bado majini ni kulipanda upya. Mbegu zake nazo hukaa kwenye tope miaka 15 hadi 20 zikisubiri mwanga.

Hesabu ya pili ndiyo nzito zaidi, na ndiyo inayosahaulika. Gugu hustawi kwa sababu ya nitrojeni na fosforasi inayoingia na maji taka. Zaidi ya asilimia 90 ya gugu bichi ni maji. Tani moja ikikaushwa hubaki kilo 50 hivi, na katika hizo nitrojeni ni kama kilo moja. Mtu mzima hutoa kilo 4 hadi 5 za nitrojeni kwa mwaka kupitia choo. Maana yake ni kwamba kila tani inayovutwa hadi ukingoni kwa jasho la watu wawili inaondoa uchafu wa mtu mmoja wa takriban miezi mitatu. Ukiliondoa gugu lote, tani zote 10,500, umeondoa nitrojeni ya watu kama 2,300 kwa mwaka mmoja. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu watu wapatao 170,000 Kibera, idadi ambayo wengi waliiona ndogo mno. Hata tukisema ni sehemu tu ya uchafu wao inayofika bwawani, reki haiwezi kushindana na mtaro.

Maji yanatoka wapi

Mto Motoine unaanzia upande wa Dagoretti, unapita Bwawa la Jamhuri karibu na uwanja wa mbio za farasi, unateremka ukiambaa Kibera, kisha unaingia bwawani. Ukishatoka chini ya tuta unaitwa Ngong. Unakatiza Eneo la Viwanda na Mukuru, unajiunga na Mto Nairobi na baadaye Athi, na mwisho wake ni Sabaki, inayomwaga maji Bahari ya Hindi kaskazini mwa Malindi.

Kibera imelalia mteremko unaoelekea mto huu. Mitaro ya Lindi, Silanga na Soweto Mashariki hubeba mvua, maji ya kufulia na kilichofurika kutoka vyoo vya shimo, na vyote huishia bondeni. Lakini desturi ya kuilaumu Kibera peke yake si ya haki. Bomba la maji taka la mtaa wa nyumba za gorofa likiziba, manholi (mashimo ya kukagulia bomba) hufurika, na maji yake hufuata mteremko uleule. Uchafu wa mtu wa gorofani unanenepesha gugu sawa na wa jirani yake wa mabati.

Hapa ndipo watu wa kujitolea wana nguvu ambayo hakuna mtambo ulio nayo: wanajua kila uchochoro. Njia ya kugundua maji taka ni rahisi. Subiri siku tatu bila mvua, kisha tembea ukingo mzima asubuhi, kati ya saa moja na saa tatu, wakati nyumba nyingi zinatumia maji. Mtaro wowote unaotiririka siku hiyo haubebi mvua. Weka ndoo ya lita 20 mahali maji yanapodondoka, pima kwa saa ya simu inachukua muda gani kujaa. Ikijaa kwa sekunde 40, hiyo ni nusu lita kwa sekunde, na kwa kasi hiyo ni lita 43,200 kwa siku. Piga picha, hifadhi alama ya mahali kwenye ramani ya simu, andika tarehe na saa. Rudia mara tatu kwa siku tofauti ili mtu asije akasema ilikuwa ajali ya siku moja.

Orodha ya namna hii ina uzito kuliko barua ya malalamiko. Manholi inayofurika ni jukumu la kampuni ya maji ya jiji. Bomba la siri linalotoka kwenye jengo ni jukumu la kaunti na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda kortini bila kulazimika kuthibitisha kwamba yeye binafsi amepata hasara. Mara nyingi haifiki huko. Fundi akipewa nambari ya manholi na picha yake hutoka haraka kuliko akiambiwa "kuna harufu Lang'ata."

Kwa vyoo, Kibera tayari ina mifano. Umande Trust imejenga humo vituo vyenye vyoo na bafu ambapo kinyesi huingia kwenye tangi la bayogesi chini ya jengo badala ya kuingia mtaroni. Kikundi cha mazingira kinachoshirikiana na wasimamizi wa kituo kama hicho, kuhakikisha kuna maji na bei haijapanda hadi watu wakarudi kujisaidia kwenye mifuko, kinapunguza gugu bila kuligusa.

Kabla ya yote, tuta

Kuna kazi moja bwawani isiyoweza kusubiri. Tuta la udongo linastahimili maji yanayolisukuma ubavuni. Halistahimili maji yanayopita juu yake. Maji yakishapata njia juu ya tuta hula udongo wa upande wa nyuma, shimo hupanuka, na ndani ya muda mfupi ukuta umekatika. Mei 2018 bwawa la udongo lilipasuka usiku huko Solai, Nakuru, na zaidi ya watu 40 wakafa. Kinacholinda tuta ni mfereji wa kutolea maji ya ziada. Chelezo cha gugu kikisukumwa na mafuriko hadi kwenye mdomo wa mfereji huo, pamoja na chupa na matawi, mdomo huziba saa ileile ambayo unahitajika zaidi.

Kwa hiyo gugu la kwanza kuondolewa ni lile lililo ndani ya mita 30 za mdomo wa mfereji, na mbele yake ivutwe kamba yenye maboya ili chelezo kingine kisisogee. Nyasi za tuta zifyekwe, zisichimbwe. Vichaka vichanga ving'olewe. Mti mkubwa uliokwisha kuota juu ya tuta uachwe hadi mhandisi auone: ukiukata, mizizi huoza, na kila mzizi uliooza huacha bomba la maji kupenyeza. Ukikuta unyevu au chemchemi mpya upande wa nyuma wa tuta, hasa ikitoa maji yenye rangi ya udongo, Mamlaka ya Rasilimali za Maji ijulishwe siku hiyohiyo.

Kizuizi kwenye lango la mto

Taka ngumu zizuiliwe kabla hazijatawanyika. Chagua sehemu ya mto iliyonyooka, juu kidogo ya bwawa, ambapo mkokoteni au pikapu inaweza kufika. Kwa mto wa mita 10, kizuizi kinacholala kwa pembe ya nyuzi 45 kinahitaji urefu wa mita 14, na ongeza moja na nusu ya ulegevu. Pembe ni muhimu: taka huteleza kuelekea ukingo mmoja, na mtu huzitoa akiwa nchi kavu. Ukikikingamiza moja kwa moja, taka hukusanyika katikati, na itabidi mtu aingie majini kila mara.

Waya wa chuma uliosokotwa ndio uti wa mgongo. Madumu ya lita 20, vifuniko vikiwa vimebanwa kwa gundi, hufungwa kila nusu mita. Kama 30 hivi yanatosha. Chini yake ning'iniza wavu wa plastiki wa matundu ya sentimita 2 au 3, kina cha sentimita 40, na mnyororo au kipande cha nondo pindoni ili usipeperuke na maji.

Vizuizi vingi hukatika mvua kubwa ya kwanza kwa sababu mbili. Kwanza, watu hawakadirii nguvu ya maji. Wavu wa mita 10 uliozibwa na taka husukumwa na uzito kama wa kilo 240 maji yakienda mita moja kwa sekunde. Kasi ikiwa mita mbili, nguvu haiwi mara mbili. Inakuwa mara nne, karibu tani moja. Pili, waya hukazwa mno. Waya ulioachiwa ulegevu wa sehemu moja ya kumi ya upana huvutwa kwa nguvu inayozidi kidogo msukumo wa maji. Ulionyooshwa karibu kabisa huvutwa mara tano au zaidi, na nguzo ndizo hung'oka. Zika nanga mita moja na nusu ardhini, gogo au chuma kilicholazwa kikikabili mvuto, badala ya kutegemea mti wa ukingoni. Upande wa chini ya mto funga kwa kitanzi cha kamba dhaifu kuliko waya. Mafuriko yakija, kitanzi kikatike, kizuizi kijilaze kando ya ukingo, na kesho yake kifungwe upya. Kamba ni shilingi chache. Kizuizi chote sivyo.

Kizuizi kilichojaa hakizuii chochote, maji hupita chini yake na kuvuta taka. Kisafishwe ndani ya saa 24 baada ya kila mvua. Ndiyo maana kikundi kisicho na watu wawili au watatu wanaolipwa posho ya kazi hii kisiweke kizuizi kabisa. Kujitolea kunafaa Jumamosi. Mvua ya Jumanne usiku inahitaji mtu mwenye jukumu.

Nepi zilizolowa hazielei vizuri, zinapita chini ya wavu. Hizo hukamatwa kwenye midomo ya mitaro kwa kichujio cha nondo za milimita 12, zilizoachana sentimita 10 na kuinama nyuzi 45 ili reki ipande kwa urahisi. Tahadhari: kichujio kisichosafishwa kinarudisha maji ndani ya nyumba za juu yake. Nyumba moja ikifurika kwa sababu ya kichujio chenu, kitang'olewa usiku na mtaa mzima hautawaamini tena. Anza na mtaro mmoja ambao mwenye nyumba jirani amekubali kuusimamia.

Ndipo gugu

Usilisafishe bwawa, safisha chumba. Zungushia kwa kamba yenye maboya eneo la mita 50 kwa 30 kando ya ukingo, mita mraba 1,500. Kwa kilo 30 kila mita hizo ni tani 45, kazi ya watu 90 kwa asubuhi moja. Toeni lote, hadi vipande vinavyoelea, mkimaliza kwa vyandarua vya mkono. Kisha watu wanne hadi sita wapite kila wiki. Wiki za kwanza mtaona miche midogo inayotokana na mbegu zilizopata mwanga, hasa pale maji yalipo mafupi; hiyo haimaanishi kazi imeshindwa. Ing'olewe kabla ya kutoa maua. Chumba cha pili kisifunguliwe mpaka cha kwanza kimekaa safi miezi mitatu. Ni kazi isiyovutia kupigwa picha, na ndiyo pekee inayodumu.

Mtu asitembee juu ya gugu. Linabeba mguu mmoja na kumwachia wa pili, na aliyezama chini ya chelezo hapati pa kutokea. Wanaoingia majini wasizidi kimo cha paja, wawe wawili wawili, kamba kiunoni, na mtu wa tatu ukingoni ameishika. Walio chini ya miaka 18 wabaki nchi kavu. Gambuti pekee hazitoshi, maji yakiingia ndani ni mabaya kuliko kutovaa. Suruali ya mpira inayofika kifuani ndiyo inayofaa. Tope likichokorwa likatoa harufu ya mayai yaliyooza, ondokeni mkielekea upande upepo unakotoka, maana hewa hiyo ikizidi hupoteza uwezo wa pua kuinusa. Mwenye kidonda asiingie. Vifaa vioshwe kwa klorini ya asilimia 0.5: sehemu moja ya dawa ya kawaida ya kufulia ya asilimia 3.5 kwa sehemu sita za maji. Homa au kuhara baada ya siku chache, daktari aambiwe wazi kwamba mgonjwa aliingia bwawani, ili afikirie taifodi, kichocho na homa inayotokana na mkojo wa panya.

Gugu lililotolewa liwekwe mita 10 au zaidi kutoka majini, nyuma ya tuta dogo la udongo, vinginevyo maji yake meusi hurudi bwawani na rutuba yote. Siku tatu hadi tano za jua hupunguza uzito kwa kiasi kikubwa. Kulisafirisha bichi ni hasara: lori hujaa kabla halijafikia nusu ya uzito wake, na kinachobebwa ni maji. Katakata, changanya na majani makavu au maranda, rundika kimo cha mita moja na nusu, geuza kila wiki. Rundo likifika nyuzi joto 55 hadi 65 ndani, mbegu hufa. Mboji hiyo isiende kwenye sukuma wiki. Gugu maji hufyonza metali zenye sumu kama risasi na kadimiamu, na mto unaopita katikati ya mji si mahali pa kubahatisha; itumike kwa miche ya miti na maua.

Taka nyingine zina masharti yake. Chupa za plastiki zina mnunuzi. Nepi na nguo hazina, na zinahitaji lori la kwenda jalala la Dandora. Lori liagizwe kabla ya watu. Kilichotolewa Jumamosi kikaachwa ukingoni hurudi majini na mvua ya Jumapili.

Wapo wanaopendekeza fukusi wa gugu, wale wadudu wa milimita 4 au 5 walioachiliwa Ziwa Viktoria katika miaka ya 1990. Wanasaidia, lakini huchukua miaka, na kwenye maji yenye rutuba nyingi mmea huota haraka kuliko wanavyoula. Wakiletwa, ni kupitia taasisi zinazowafuga, na sehemu ya gugu iachwe bila kuvunwa ili wapate pa kuzaliana.

Kuchimba tope si kazi ya jembe. Mita moja tu ya tope kwenye hekta 35 ni mita za ujazo 350,000, safari 35,000 za lori la mita 10. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 hairuhusu mtu kuchimba au kukausha ziwa wala ardhi oevu bila kibali, na tope lenyewe lazima lipimwe kabla halijatupwa mahali. Kikundi kikialikwa kwenye mkutano wa mradi kama huo, swali la kuuliza ni mabomba ya maji taka ya juu yatakamilika lini, kabla au baada ya uchimbaji. Kama ni baada, bwawa litajaa upya.

Jambo moja huwashangaza wengi gugu linapoondoka: maji hugeuka kijani. Mwanga umeingia, rutuba ipo, mwani unachukua nafasi. Kwa hiyo pimeni. Kisahani cha sentimita 20, kilichopakwa robo nyeupe robo nyeusi na kufungwa kwenye kamba yenye alama, kishushwe kila wiki saa sita mchana, mahali palepale, na kina kinapopotea machoni kiandikwe daftarini. Asubuhi na mapema ndipo hewa ya oksijeni majini huwa chini kabisa. Ikipimwa na kukutwa chini ya miligramu 2 kwa lita, samaki wengi hawawezi kuishi humo. Kisahani kinachopotea kabla ya sentimita 30 wiki nne mfululizo kinasema rutuba haijapungua. Hapo chumba kipya kisifunguliwe. Watu warudi mtaroni na ndoo ya lita 20.